Dakika 20 za Mwanzo Uani

Jumapili, jioni

Wiki nzima nimekuwa nikilitafakari swali moja ambalo wazazi huliuliza kwa namna nyingi: nifanyeje mtoto aweke simu chini atoke nje? Kila ninapolirudia naona tunakosea pa kuanzia. Tunahangaika na simu, huko nje tunakusahau. Mtoto ananyang'anywa tableti, anaambiwa nenda kacheze, na huko uani hakuna kinachomsubiri ila ukuta na jua. Baada ya dakika 5 yuko mlangoni anauliza kama muda umekwisha. Basi tunasema watoto wa siku hizi hawapendi kucheza.

Wanapenda. Ila mchezo wa nje huchelewa kuiva. Video humteka mtoto kwa sekunde chache. Mchezo unahitaji kama dakika 15 hadi 20 za kuzunguka, kuokota hiki na kutupa kile, kabla haujapata umbo. Hizo ndizo dakika za kulindwa, na mengi ninayotaka kuandika leo yanazihusu.

Nianze na kuzima, maana ndipo machozi yanapoanzia. Ushauri uliozoeleka ni kumwonya mtoto: "Bado dakika mbili." Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walizifuatilia familia zenye watoto wadogo, wakakuta kwamba onyo hilo liliandamana na ugomvi zaidi, si pungufu. Kuzima kulikuwa rahisi pale skrini ilipofika mwisho wake yenyewe: katuni imekwisha, raundi ya gemu imekamilika. Nikifikiri naona inaeleweka. Mtoto wa miaka 3 hana kipimo cha dakika kichwani. Anachosikia ni kwamba kitu kitamu kinakaribia kuondolewa, na kwamba bado ana nafasi ya kubishana.

Kwa hiyo ingia kwanza kwenye mipangilio ya programu ya video, uzime ule mtindo wa video inayofuata kuanza yenyewe. Usipofanya hivyo hakuna mwisho wa kuungojea, kila katuni inazaa nyingine. Kisha hesabu vipindi badala ya dakika: katuni 2, au raundi 1 ya gemu. Mwisho ukikaribia, kaa kando yake, tazameni pamoja dakika 3 au 4 zilizobaki, umuulize swali moja kuhusu anachokiona. Ikiisha, abonyeze kitufe cha kuzima yeye mwenyewe. Wewe uwe tayari umeshika kitu cha kutoka nacho: ndoo, mpira, kipande cha chaki. Mpe akishike yeye, mtoke pamoja. Kumwambia "tafuta cha kufanya" wakati huo ni kumwachia mzigo asioweza kuubeba, kwa sababu akili yake bado iko kwenye ile katuni.

Siku za kwanza atalia hata hivyo. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, ndiyo, lakini kilio hiki si utovu wa adabu na hakihitaji adhabu wala mahubiri. Kaa naye, usibadili uamuzi, maneno yawe machache. Kinachokirefusha ni kuyumba: leo ukimrudishia simu baada ya kilio cha dakika 10, kesho atalia 15.

Mpangilio wa siku nao una uzito, pengine kuliko saa zenyewe. Muda wa nje uje kabla ya skrini. Mtoto aliyetoka shuleni na hajawasha chochote hana cha kuachana nacho. Anayetolewa katikati ya gemu ana msiba wake. Wala usianze kwa kukata. Wiki ya kwanza ongeza tu dakika 30 za nje, kila siku saa ileile, bila kuigusa skrini. Wiki ya pili punguza skrini kwa dakika 15, wiki ya tatu 15 nyingine. Anayekata saa 2 kwa siku moja huwa amesalimu amri kufikia Alhamisi.

Kuna biashara moja ambayo ningependa kila mzazi aiache: "Cheza nje nusu saa nikupe simu." Hapo nje kunageuka ushuru, na simu inapanda thamani. Mtoto atakaa uani akihesabu dakika. Vivyo hivyo kumtoa nje kama adhabu, kwa kuwa amepiga kelele au amemsumbua mdogo wake. Uwanja anaopelekwa kwa adhabu hataukimbilia kwa hiari.

Kuhusu vipimo, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe skrini ya kukaa na kutazama, wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora. Mwenye mwaka 1 hadi 4 anahitaji angalau dakika 180 za mwendo kwa siku, zikigawanywa asubuhi hadi jioni, na akifika miaka 3, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kutoka jasho. Kwa wa miaka 5 hadi 17, mwongozo wa shirika hilo wa 2020 unataka wastani wa dakika 60 kwa siku za kuhema, na angalau siku 3 kwa wiki za shughuli za kukaza misuli na mifupa, kama kukimbia, kuruka na kupanda.

Macho nayo yana hoja yake. Huko Guangzhou, China, baadhi ya shule za msingi ziliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku. Baada ya miaka 3, watoto waliokuwa wameanza kushindwa kuona mbali walikuwa asilimia 30.4, dhidi ya 39.5 katika shule ambazo hazikuongezewa. Inaaminika kazi kubwa hufanywa na mwanga wenyewe. Mchana nje mwanga huvuka laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga) kwa urahisi, wakati chumbani mara nyingi haufiki 500. Maana yake hata kukaa chini ya mti kunahesabika. Si lazima mtoto akimbie ndipo macho yake yafaidike.

Sasa uani kuwe na nini? Hapa nina msimamo mkali kidogo: punguza vitu vya dukani vinavyofanya kazi moja, ongeza vitu visivyo na kazi maalumu. Mwaka 1943, huko Emdrup, Copenhagen, Denmark, mbunifu wa bustani C. Th. Sørensen alipata nafasi ya kuitimiza fikra aliyokaa nayo kwa miaka, baada ya kuona watoto wanaviacha viwanja alivyovibuni vizuri na kwenda kucheza penye ujenzi. Ukafunguliwa uwanja wa mbao, matofali na mabaki, watoto wakajenga wenyewe. Kwa nyumba ya kawaida sanduku moja linatosha: shuka kuukuu 2, vibanio vya nguo 10, ndoo ndogo 2, mbao 6 za urefu wa sentimita 60 zilizong'olewa misumari na kupigwa msasa, tairi lililochakaa, chupa za plastiki, chaki, na kamba ya mita 5 yenye unene wa milimita 8 hivi. Kamba nyembamba kama uzi wa kufungia mizigo hukata viganja. Usitoe vyote kwa pamoja. Toa vitu vinne, vingine vifiche, ubadilishe baada ya siku 4 au 5. Sanduku likimwagwa lote, mtoto hupitia kila kitu kwa dakika 3 na kusema amechoka.

Mchanga ukipatikana, mengine yanaweza kusubiri. Kina cha sentimita 30 kinatosha kuchimba bila kugonga chini. Chini yake pawe na matundu ya kupitisha maji, la sivyo maji ya mvua ya kwanza yatavunda mle ndani. Usiku ufunikwe, paka wasiugeuze choo. Wa kujengea unataka takriban ndoo 1 ya maji kwa ndoo 8 za mchanga. Ukizidisha maji kuta zinateleza, ukipunguza zinamomonyoka, na mtoto hukata tamaa akidhani hajui kujenga kumbe ni kipimo.

Kamba ya kuruka peke yake: mtoto aikanyage katikati kwa mguu mmoja, ncha zifike kwapani. Ikizidi, humkwaza kila ruko la tatu naye huacha. Ya kuzungushwa na watu wawili iwe mita 4 hadi 5.

Baiskeli ndiyo ninayoipendekeza zaidi kwa mtoto wa miaka 4 hadi 7 aliyezama kwenye gemu, kwa sababu inampa kile kile anachokitafuta mle: kushindwa, kujaribu tena, kupanda daraja. Yale magurudumu mawili ya kando usiyafunge, yanamfundisha kukanyaga ilhali kinachomshinda ni kukaa wima. Badala yake ng'oa pedali kwa spana ya milimita 15. Ya kulia inafunguka kawaida. Ya kushoto ina nyuzi za skrubu zilizo kinyume, hivyo inafunguka kwa kuzungusha kufuata mwelekeo wa mishale ya saa. Wengi huilazimisha upande usio wake hadi wakaharibu nyuzi. Shusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikae bapa chini, umwache asukume kwa miguu kama anayetembea. Akiweza kuteleza mita 10 akiwa ameinua miguu, rudisha pedali. Kofia ngumu ikae vidole 2 juu ya nyusi, mikanda ikutane chini ya sikio. Na aivue kila anapotaka kupanda mti au ngazi za kuchezea, kwani inaweza kunasa penye uwazi akaning'inia kwa mkanda wa shingoni.

Mtu mzima afanye nini? Dakika 10 za mwanzo awe nje, naye akishughulika na jambo lake: kufagia, kufua, kumenya. Asipendekeze mchezo, asisahihishe. Mtoto akisema "nimechoka," jibu fupi linatosha: "Haya, kaa hapa kidogo." Ule uchovu wa kukosa la kufanya ni mlango wa mchezo, na anayemkimbizia wazo jipya kila dakika humfungia. Simu ya mzazi ibaki ndani, au iwe mfukoni imenyamazishwa. "Utaanguka!" nayo iachwe, haimfundishi kitu. Sema jambo linaloonekana: "Tawi hilo limekauka," au "Mguu wa kushoto umeuweka wapi?"

Machache hayana mjadala. Maji yaliyobaki kwenye ndoo yamwagwe, kwa kuwa mtoto mdogo huzama kwenye kina cha sentimita chache tu. Kamba isifungwe shingoni kwa mchezo wowote, hata wa farasi. Ngurumo ikisikika, wote ndani, na kutoka tena ni baada ya dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kivuli cha mtoto kikiwa kifupi kuliko yeye, jua ni kali. Mchezo uhamie kivulini.

Kwa wa miaka 11 na kuendelea usiliseme kabisa neno "kucheza." Wanataka pa kwenda na wa kwenda naye: mwenzake 1 au 2, safari ya kwa miguu, kiwanja chenye goli, saa ya kurudi inayojulikana.

Nami nabaki na jambo la jioni, ambalo nadhani linasaidia kuliko sheria nyingi. Giza likiingia, usibomoe walichojenga. Kunja kamba, mwaga maji, funika mchanga, lakini hema la shuka liache limesimama nusu, daraja la mbao liache bila upande mmoja. Asubuhi mtoto hutoka nje kabla hajaikumbuka rimoti, akaangalie kama bado lipo.