Nilivyosuka Msalaba wa Mtakatifu Brigid Nikiwa Quincy

Huku Massachusetts, Marekani, ukitaja Ayalandi, watu hukumbuka tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, yaani kofia za kijani, maandamano na bia. Mavyaa wangu, ambaye alizaliwa Mayo huko Ayalandi na kuhamia Boston akiwa msichana, huiona siku hiyo kuwa ni kelele tu. Siku yake ni tarehe 1 Februari, siku ya Mtakatifu Brigid, ambayo kwao huhesabiwa kuwa mwanzo wa majira ya kuchipua, na ambayo serikali ya Ayalandi iliifanya sikukuu ya mapumziko kuanzia mwaka 2023. Usiku wa kuamkia siku hiyo husukwa msalaba wa mikono minne kwa nyasi za kinamasini, ukatundikwa juu ya mlango ili nyumba isalimike na moto na maradhi.

Mwaka ule vidole vyake vilikuwa vimezidiwa na baridi yabisi. Nikasema, kwa majivuno ambayo leo yananichekesha, kwamba mjukuu wa msuka mikeka wa Tanga hawezi kushindwa na kimsalaba kisichozidi ukubwa wa sahani.

Kwa desturi nyasi zile hung'olewa kwa mkono, hazikatwi kwa kisu, lakini mwishoni mwa Januari vinamasi vya huku vimefunikwa na barafu na hakuna cha kung'oa. Muuzaji wa duka la vifaa vya ufundi alinishauri nitumie mirija ya plastiki. Nilimkatalia, nikanunua fungu la mabua ya ngano kwa dola kumi na kitu, kwani hata huko kwao wapo wanaosuka kwa mabua. Ndipo akanipa ushauri wa pili, nami kwa ujinga wangu nikaufuata: niyaweke makavu kabisa, eti yakipata maji yataota ukungu.

Tarehe 31 jioni nilikaa mezani nikaanza. Kazi yenyewe haina siri: bua hukunjwa katikati, likakumbatia yaliyotangulia, kisha msalaba wote huzungushwa robo na bua jingine hufuata. Bua la kwanza lilivunjika. La pili likavunjika. La tatu lilikunjika nikashangilia, kisha likapasuka kwa mlio kama wa biskuti. Nikajaribu gundi ya karatasi, ikashikana na vidole vyangu kuliko mabua. Mume wangu, ambaye hajawahi kusuka hata kamba ya viatu, akasoma mahali fulani kwamba joto hulainisha, tukayatia katika tanuri. Yalitoka na harufu ya mkate ulioungua, na yakawa yanapukutika yakiguswa tu. Kufikia saa tano usiku nilikuwa nimebakiwa na mabua thelathini hivi, sakafu imejaa vipande, na mume wangu amejisingizia usingizi.

Nilikuwa nikifagia nilipoikumbuka sauti ya bibi yangu akinigombeza kwa kushika chane kavu, yaani majani yaliyochanwa ya kusukia: "Unasuka au unavunja kuni?" Katika maisha yangu yote sikumwona bibi akisuka ukili kabla ya kulowesha chane zake na kuzifunika kwa kitambaa chenye maji. Ilinibidi nisafiri hadi Marekani, nimsikilize muuza duka, ndipo nisahau jambo ambalo mtoto wa miaka sita kwetu analijua.

Nilijaza beseni maji ya uvuguvugu, nikayazamisha mabua yaliyosalia na kuyakandamiza kwa kifuniko cha sufuria, maana huelea kwa ukaidi. Baada ya saa nzima niliyatoa nikayaviringisha katika kanga mbichi iliyoandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone", nikayaacha tena kidogo. Saa nane usiku yalikuwa yakikunjika kama utepe. Nilisuka msalaba wa kwanza, nikaufumua kwa sababu kitovu chake kilikuwa kimelegea, nikasuka wa pili na kuzifunga ncha zake kwa uzi. Anayetaka kujaribu asiukaze kupita kiasi ukiwa na maji, lakini asiuache ulegee pia, kwa kuwa mabua husinyaa yakikauka. Kanga niliitupa kwenye ukuta wa kibaraza nikaenda kulala.

Mavyaa alikuja asubuhi kwa ajili ya chai na mkate wa magadi (huo sina haja ya kuueleza, ni unga, chumvi, magadi na mtindi tu). Aliutazama msalaba, akaubonyeza kitovu kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaiona kanga nje, imekakamaa kwa barafu kama ubao, akanyamaza. Sikujua kwamba usiku uleule kwao huwekwa nje kitambaa kiitwacho Brat Bríde, ili Brigid akibariki anapopita, na kwamba kitambaa hicho hutunzwa kwa ajili ya kutibu maumivu ya kichwa. Alinikumbatia akaniuliza nani alinifundisha. Nilisema ni bibi yangu, na kwa upande wa mabua nilikuwa nimesema kweli.

Kanga ile aliondoka nayo, na hujifunga kichwani kipandauso kinapomshika. Mimi nimebaki na kipande kimoja cha doti.