Mbwa kuchechemea mlimani mwanzo wa kiangazi

Mvua zikikatika Mbeya, mwezi wa tano, nyasi za mlima Loleza bado ndefu na zinaanza kukauka. Ndipo mbwa wangu wawili walipokuwa wakichechemea kila tukipanda, hasa Popi mwenye manyoya marefu. Jirani alidhani ni mawe. Lakini pedi za miguu hazikuwa na jeraha, na kilele kile, mita zaidi ya 2,600, walishakipanda kiangazi kikiwa kimekolea bila shida.

Nilipompanua Popi vidole nikakuta kishona nguo, gugu ambalo mbegu zake hunasa kwenye nguo. Mbegu yake ina vimiba vilivyoelekea nyuma, kwa hiyo ikishaingia inasonga mbele tu, hairudi. Kila hatua inaisukuma ndani. Punje za nyasi zenye miba hufanya vivyo hivyo, na hizo huweza kupenya ngozi kabisa.

Sasa kabla ya safari nakata manyoya ya katikati ya vidole kwa mkasi usio na ncha kali, kisha napaka mafuta ya mgando, kidogo tu, yakizidi anateleza kwenye miamba. Tukipumzika nakagua miguu, makwapa na masikio. Kibanio cha nyusi kinakaa mfukoni. Viatu vya mbwa nilivijaribu, Popi alivitafuna.

Kuchechemea kumeisha. Ukiona uvimbe wenye kitundu kinachotoa majimaji, usichokonoe, mpeleke kwa daktari wa mifugo, maana mbegu imeshazama.