Ratiba niliyoibandua ukutani

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, na mwalimu akipata jambo kubwa hulipangia ratiba. Februari 2024 majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye titi yalirudi yakionyesha kwamba mke wangu ana saratani ya titi, hatua ya tatu. Daktari wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, alitueleza mpango wote kwa utulivu: kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, mizunguko minane kila baada ya siku 21, minne ya dawa nyekundu na minne ya dawa nyingine, kisha upasuaji, kisha mionzi, kisha vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka mitano. Jioni ile nilichukua karatasi ya manila na kalamu nene, nikachora visanduku vinane, nikaandika tarehe, nikaibandika sebuleni juu ya cherehani yake. Yeye ni fundi wa nguo, anakaa pale kutwa nzima. Nilidhani nimemwekea tumaini mahali atakapoliona kila siku.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Sista alikuwa ametuonya kwamba mkojo ungetoka mwekundu kwa siku moja au mbili kwa sababu ya rangi ya dawa, kwa hiyo hatukuogopa. Wiki ya tatu nywele zikaanza kubaki kwenye mto, akaniomba nimnyoe zote. Nikatia vema nyekundu kwenye kisanduku cha kwanza.

Safari ya pili tulilala Tabata kwa dada yake, alfajiri tukawa kwenye foleni. Wakatoa damu, tukasubiri. Daktari akatuita akasema chembe nyeupe za damu, zile za kinga ya mwili, zimeshuka mno, leo hapati dawa, turudi baada ya wiki moja. Alieleza vizuri: dawa haichagui, inaua saratani na inapiga pia uboho unaotengeneza damu, kwa hiyo mwili unapewa nafasi ya kujijenga. Mimi nilielewa. Mke wangu alinyamaza kwenye basi kutoka Mbezi, tukapita Chalinze bado amenyamaza. Nilipofika nyumbani nilichukua wino mweupe nikaanza kufuta tarehe saba, moja baada ya nyingine, naye amekaa pale pale ananitazama. Hilo najuta hadi leo.

Lililofuata lilikuwa baya zaidi. Siku ya kumi baada ya mzunguko wa tatu aliamka usiku akitetemeka. Nilimpeleka kwenye zahanati ya jirani. Wakapima malaria, hakuna. Wakatupa panadoli, wakasema ni uchovu wa dawa, tukapumzike nyumbani. Nikakubali, ingawa kwenye droo yangu kulikuwa na karatasi tuliyopewa Dar iliyosema wazi kwamba mgonjwa wa kemo akifika nyuzi joto 38 hiyo ni dharura, asisubiri asubuhi. Saa nane usiku hakuweza kusimama. Nilimbeba hadi kwenye bajaji, tukakimbilia hospitali kubwa. Vipimo vilionyesha kinga karibu imekwisha kabisa. Alilazwa siku tano, dawa za kuua vijidudu zikipita kwenye dripu, na siku mbili za kwanza sikujua kama nitarudi naye.

Kwa hiyo kama mwenzi wako yuko kwenye kemo, naomba ulichukue hili kwangu. Nunua kipimajoto, ni bei ndogo. Zile siku za kati, tangu ya saba hadi ya kumi na nne hivi, ndipo kinga inapokuwa chini kabisa. Mpime asubuhi na jioni. Na ukifika mapokezi usianze na historia ndefu. Mimi sasa nina sentensi moja niliyoikariri: "Huyu yuko kwenye kemo, leo ni siku ya kumi, ana homa ya 38." Ukisema "ana homa" peke yake, watu wetu wanafikiria malaria, na siwalaumu sana, maana ndiyo homa tunayoijua.

Siku aliyoruhusiwa tuliingia sebuleni, akasimama mbele ya ile manila. Vema tatu, visanduku vitano vitupu, tarehe zimefutwa na kuandikwa juu ya nyingine. Akasema, "Mwalimu, bandua hiyo karatasi. Kila nikiitazama naona nimefeli."

Niliibandua wakati ule ule. Miaka kumi na sita nimesahihisha madaftari ya watoto, na sikuwahi kufikiri kwamba vema yangu inaweza kumhukumu mtu ambaye kosa lake ni kushuka kwa damu.

Badala yake nilinunua daftari kubwa la kaunta, likakaa kwangu, si kwake. Ndani yake hakuna tarehe ya kesho. Niliandika ya leo tu: joto, alichokula, kama amepata choo, vidonda vya mdomoni vikoje, na maswali ya kumuuliza daktari. Kabla hatujatoka chumba cha daktari niliuliza daima swali lile lile: "Kitu gani kikitokea tusisubiri, tuje moja kwa moja?" Majibu yake ndiyo yaliyotuokoa mara nyingine mbili. Na yeye akiniuliza "Bado mingapi?" nilimjibu. Akiwa hajauliza, sikumkumbusha.

Nilibadili na maneno. Sisi tukimwona mgonjwa tunasema "jikaze", nami nililisema kama salamu. Usiku mmoja aliniambia taratibu, "Baba watoto, usiniambie nijikaze. Nimejikaza mpaka mwisho. Niambie tu uko hapa." Nimeacha kulisema kwa mtu yeyote aliye kitandani.

Baada ya ile homa daktari aliongeza sindano za kupandisha chembe nyeupe, moja kila siku kwa siku tano, kuanzia kesho yake ya kila dozi. Zinatakiwa zikae kwenye ubaridi, lakini zisigande. Nilizisafirisha ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana, barafu chini, sindano zimeviringishwa kwa khanga juu yake zisiguse barafu, nami nimeipakata chupa njia nzima. Mungu alitusaidia, Juni ile treni ya SGR ikaanza safari za Dar na Morogoro, na njia iliyokuwa ikitumaliza nusu siku kwa basi ikawa chini ya saa mbili. Mtu mwenye kichefuchefu anaijua tofauti hiyo. Bima ililipa sehemu kubwa ya matibabu. Nauli, chakula na siku za kulala Dar zilitoka kwenye michango ya walimu wenzangu, ambao pia walinifundishia vipindi vyangu bila mtu kuniuliza nitavirudisha lini.

Ndugu nao walikuja na yao. Mama mkwe alileta majani ya stafeli yaliyokaushwa, akasema kuna mtu kapona. Sikutaka kubishana naye, maana na yeye alikuwa anamlilia mwanawe. Nilimwambia, "Mama, nakuomba twende wote kwa daktari, uyabebe umwonyeshe mwenyewe." Tulikwenda. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akamweleza kwamba dawa za kemo tayari zinabebesha ini na figo kazi nzito, kwa hiyo mgonjwa asichanganye na kitu kingine. Tangu siku hiyo mama akawa anatuletea mchuzi wa samaki.

Upasuaji ulikuwa Oktoba. Alitoka na mrija ubavuni unaoingia kwenye kichupa, na kazi yangu kila asubuhi ikawa kumwaga maji yale, kuyapima kwa mililita na kuandika: 110, 90, 95, 60. Yalipoteremka chini ya 30 kwa siku mbili, mrija ukatolewa. Tukapumua. Wiki iliyofuata majibu yakaja: tezi tatu za kwapani bado zilikuwa na saratani, hata baada ya kemo zote nane. Daktari alisema zimeshatolewa, na mionzi ilikuwa kwenye mpango tangu mwanzo kwa sababu kama hiyo. Lakini mke wangu alisikia neno "bado" tu. Siku tatu hakugusa chakula. Sikuwa na la kumwambia. Nilikaa naye sakafuni, mgongo ukutani, mpaka siku ya tatu akaomba uji.

Januari 2025 alipigwa mionzi mara 15, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tatu. Ngozi iliungua ikawa nyeusi, ikabambuka, ikapona. Kilichobaki kikawa mkono. Ulianza kuvimba na haukupanda juu ya bega. Mtaalamu wa mazoezi alimfundisha kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole kidogo kidogo kama buibui, mara kadhaa kwa siku. Aliuchagua ukuta wa sebuleni, pale pale ilipokuwa manila. Safari hii aliomba chaki yeye mwenyewe, na mstari anauchora yeye mwenyewe pale vidole vilipofika. Kuna siku mstari ulirudi chini. Sikusema neno, naye hakuufuta.

Na kulikuwa na ganzi. Dawa ya mizunguko minne ya mwisho ilimwachia vidole visivyohisi, na daktari alisema inaweza kuchukua miezi mingi, kwa wengine isiishe yote. Kwa fundi hilo si dogo. Cherehani aliweza kuiendesha polepole, lakini pindo na vifungo ni kazi ya mkono, na uzi ulimshinda kuutunga. Nilimkuta mara moja ameulowesha uzi kwa mate mpaka ncha imechanua, analia bila sauti. Tangu siku hiyo, kabla ya kwenda shule nilimtungia sindano kumi, tano uzi mweupe na tano wa buluu wa sare za shule, nikazichomeka kwenye kipande cha sponji kando ya cherehani. Jioni nilikuta zimebaki mbili, moja, au hakuna.

Jumatatu moja ya Agosti nilirudi nikakuta zote kumi zimesimama kwenye sponji kama nilivyoziacha. Moyo ulinidunda, nikajua leo hakuamka. Nikapita jikoni, nikapita chumbani, nikamkuta uani kivulini, shati la sare mapajani, sindano ya kumi na moja mkononi, uzi wa buluu umekwishapita kwenye kifungo cha tatu.

"Mwalimu," akasema bila kuinua macho, "nikatie hapa, mkasi nimeusahau ndani."

Nikauinamia uzi, nikaukata kwa meno.