Kujumlisha pishi za karafuu kwa Python

Daftari la wachumaji karafuu lililohifadhiwa kutoka Excel kama CSV (faili la maandishi ambalo safu zake hutengwa kwa koma) ni zoezi zuri kwa anayeanza Python hapa Pemba. Tuseme lina safu tatu: jina, shamba, pishi.

import csv
with open('karafuu.csv', encoding='utf-8-sig', newline='') as f:
    for mstari in csv.DictReader(f):
        print(mstari['jina'], mstari['pishi'])

Hiyo with hulifunga faili hata programu ikikwama katikati. Wengi huiacha -sig kwenye encoding, kisha wanaletewa kosa la KeyError: 'jina' (yaani safu hiyo haipatikani) ilhali safu wanaiona kwa macho. Excel ikihifadhi CSV ya UTF-8 hutia alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili, nayo hugandana na jina la safu ya kwanza.

Kila kinachosomwa humo ni maandishi, si namba. '12' ukijumlisha na '7' unapata '127', na hapo malipo ya mchumaji yameshaharibika. Yageuze kwanza kuwa namba kwa float(). Seli tupu itakupa kosa la ValueError, na '6,500' vilevile. Koma iondoe kwa replace(',', ''). Seli tupu usiigeuze sifuri kimyakimya: chapisha jina la mchumaji, ukaangalie daftarini. Pengine mwandishi alisahau tu.

Ukijumlisha kwa shamba, 'Wete ' yenye nafasi mwishoni na 'wete' ni mashamba mawili kwa Python. Pitisha strip().lower() kwanza, ikate nafasi za pembeni na kuweka herufi ndogo.

Matokeo yaandike faili jingine. Ukifungua karafuu.csv kwa 'w' (hali ya kuandika), yaliyomo yanafutika papo hapo, kabla hujaandika hata herufi moja.