Miezi Minne Bila Chumvi

Ilipoingia Novemba 1997, bibi yangu alikuwa hajatia chumvi kinywani tangu katikati ya Julai. Nyumbani kwetu Tanga sote tulimwita Ba, jina ambalo Wagujarati humwita mama mzazi na vilevile bibi, naye ndiye aliyewapikia watu tisa kila siku bila kuonja sufuria hata moja. Alikadiria chumvi ya chakula chetu kwa kiganja, akakoroga, kisha akaniita kutoka uani: “Dikra, njoo uonje.” Dikra maana yake ni mwanangu. Nilipokea mchuzi kiganjani, nikaulamba, nikamwambia imekolea au bado kidogo, na kwa miezi ile minne ulimi wangu ndio uliokuwa ulimi wake.

Mfungo huo huitwa Chaturmas, maana yake miezi minne. Huanza siku ya 11 ya mwezi unaokua wa Ashadh, karibu na Julai, na kumalizika siku ya 11 ya mwezi unaokua wa Kartik, karibu na Novemba, na kwa imani yetu sisi Wahindu katika muda huo mungu Vishnu amelala juu ya nyoka Shesha, ndiyo maana hata harusi husitishwa mpaka aamke. Kule India huo ndio msimu wa mvua kubwa. Tangu zamani watawa walizuiwa kusafiri wakati huo, kwa sababu ya mafuriko na pia ili wasikanyage viumbe na machipukizi yaliyojaa njiani, na watu wa kawaida nao waliweka nadhiri ya kuacha kitu fulani cha mezani: mmoja mboga za majani, mwingine mabilinganyi, mwingine sukari, mwingine mlo wa usiku. Ba aliacha chumvi, hata ile ya jiwe iitwayo sindhav ambayo wafungaji wengi huruhusiwa kuitumia.

Kilichonishangaza nilipokuwa mtoto ni kwamba mvua hiyo haikuwa yetu. Julai na Agosti ni kipupwe Tanga, mbingu nyeupe na majira ya baridi kidogo, wala hakuna mto unaofurika. Nilipomuuliza Ba kwa nini afunge kwa ajili ya mvua isiyonyesha kwetu, alinitoa nje, akaniambia nisikilize minazi. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma kutoka baharini. “Upepo huu,” alisema, “ukitoka hapa unakwenda kwetu, na ukifika kule ndio mvua.” Wakati huo nilidhani ni hadithi za wazee. Baadaye shuleni mwalimu wa jiografia alichora mishale kwenye ramani ya Bahari ya Hindi, ikipita pwani yetu na kupinda kuelekea Gujarat, kwao Ba kule India, nikaona kwamba Ba alikuwa amenieleza jambo lile lile.

Jirani yetu, Mwislamu ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, ndiye aliyemwelewa zaidi, ingawa naye mwanzoni alitatizika. Alimkuta Ba akila saa saba mchana siku ya Ekadashi, siku ya 11 ambayo huja mara mbili katika kila mwezi na ambayo hatuli nafaka wala kunde, akauliza, “Sasa Ba, wafunga na huku wala?” Ba alikuwa na sahani ya mihogo na karanga mbele yake. Akamjibu, “Wewe wafunga mchana, mie nafunga chumvi na wali.” Bi Mkubwa alicheka, akaketi mkekani, na tangu siku hiyo kila Ekadashi alimletea Ba bakuli la mihogo iliyochemshwa bila chumvi, tui la nazi akilitenga kando. Kule Gujarat wafungaji hula sabudana, punje nyeupe zinazotengenezwa kwa wanga wa muhogo. Ba alisema Tanga hakuwa na haja ya punje, kwa kuwa muhogo wenyewe ulikuwa sokoni.

Mwaka ule Ba alitaka kuhitimisha mfungo wake Girnar, mlima wa kwao, ambao mara ya mwisho aliuona akiwa bibi harusi mdogo anayekwenda kupanda meli ya kuja Afrika. Baba hakuweza kufunga duka. Nilikuwa na miaka 16, nikachaguliwa mimi kumsindikiza. Tuliondoka wakati mvua kubwa za El Niño zikikata barabara za Tanga, na baada ya ndege, treni na basi, tukafika Junagadh chini ya jua kali, katika mji ambao mvua zake zilikuwa zimekwisha na mashamba yake ya karanga yakivunwa.

Barabara inayotoka mjini kwenda mlimani hupita kando ya jiwe kubwa jeusi lililojengewa nyumba, ambalo juu yake mfalme Ashoka aliamuru yachongwe maagizo yake 14 katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Ba aliketi kivulini nami nikaingia ndani kusoma maelezo. Katika agizo la kwanza mfalme anasema kwamba zamani maelfu kwa maelfu ya wanyama walichinjwa kila siku kwa ajili ya jiko lake, na kwamba sasa wanachinjwa watatu tu, tausi wawili na swala mmoja, na huyo swala si kila siku. Nilitoka nikamsimulia. Alikaa kimya akifikiri, kisha akauliza kama jiwe linasema tausi nao waliachwa hatimaye. Nilirudi ndani kutazama. Mfalme anaahidi kwamba hata hao watatu hawatachinjwa baadaye. Ba alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyepata habari njema za jamaa wa mbali.

Bhavnath, mahali penye hekalu la mungu Shiva chini ya mlima, palifurika watu. Usiku wa siku hiyo ya 11 ndipo huanza mzunguko uitwao Lili Parikrama, yaani mzunguko wa kijani, ambapo mahujaji huuzunguka Girnar kwa miguu, mwendo wa kilomita 36 hivi ndani ya msitu, hadi mwezi mpevu. Familia nzima zilikuja na sufuria, blanketi na magunia ya unga vichwani. Sisi hatukukusudia kuzunguka. Ba alitaka kupanda ngazi hadi kwa Amba Mata, hekalu la mungu wa kike, na ikiwezekana hadi kilele cha Dattatreya, ambako ngazi hukaribia 10,000.

Tulianza saa tisa usiku. Mwanzoni mwa ngazi palikuwa na wabebaji wa machela, ile wanayoiita doli, kiti cha kamba kinachoning’inia kwenye mti unaobebwa mabegani. Wana mizani, kwa kuwa bei hutegemea uzito, na mmoja wao alimwonyesha Ba mizani ile kwa heshima, akimwita mama. Ba aliishika fimbo yake ya mianzi, akamshukuru, akaanza kupanda. Alikuwa na miaka 66. Siku ile hakula kitu isipokuwa maji na ndizi moja aliyoila kabla hatujatoka.

Ngazi za Girnar ni za mawe, na hazina huruma kwa magoti. Tulipanda gizani pamoja na mamia ya watu, kila mmoja akitamka jina la Mungu wake kwa sauti ya chini, na kulipopambazuka tuliona tambarare yote ya Junagadh imelala kwenye ukungu chini yetu. Ba alipanda kwa utaratibu wake: ngazi 20, kupumua, ngazi 20, kupumua. Kwa namna hiyo tulipita ngazi 3,000. Jua lilipoanza kuwaka mawe, nguo zake zililowa jasho, na ghafla akashika ukuta. Misuli ya shavu la mguu ilikuwa imemkaza, imejikusanya kama fundo la kamba chini ya ngozi, ikahama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Nilimkalisha, nikamsugua. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akishuka alisimama, akamtazama, akaniambia kwa Kigujarati kwamba bibi huyu amepoteza jasho jingi na anahitaji maji ya ndimu.

Banda la maji ya ndimu lilikuwa hatua chache juu yetu. Nalikumbuka vizuri kuliko hekalu lolote nililoliona siku ile. Muuzaji alikata ndimu, akaikamua katika bilauri kwa kubana vidole viwili, akatia sukari, kisha mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kopo la bati na kuchukua chumvi kati ya kidole gumba na cha shahada. Nilikuwa na muda wa kusema. Chumvi kwa Kigujarati ni mithu, neno ambalo pia humaanisha kitamu, na maneno mawili tu, mithu nahi, yangeuzuia mkono ule. Sikuyasema. Nilijiambia kwamba mwili wake unaihitaji, kwamba punje chache hazionekani, kwamba ndimu itaificha. Niliitazama chumvi ikizama, nikalipa, nikampelekea.

Alikunywa mkupuo mmoja, na midomo yake ikasita ukingoni mwa bilauri. Ulimi uliokaa miezi minne bila chumvi huitambua hata ikiwa punje moja, jambo ambalo mimi, mwonjaji wake, nilipaswa kulijua. “Mithu,” alisema. Kisha akainua macho akanitazama, na nadhani aliona yote. Hakumwaga kilichobaki. Aliiweka bilauri juu ya ngazi, akaomba maji matupu, akasukutua, akakaa na mguu wake ulionyooshwa mpaka ulipolegea. Halafu akasimama na kuendelea kupanda, bila kusema nami neno.

Kimya kile kilidumu mpaka kwenye mahekalu ya Wajaini, waumini wa dini nyingine ya kale ya India, ambayo mahujaji huyafikia kabla ya Amba. Hapo tulipumzika kwenye kivuli cha ukuta wa hekalu la Neminath, mwalimu wao mkuu wa 22. Wanasimulia kwamba siku ya harusi yake Neminath alisikia vilio vya wanyama waliofungiwa kwa ajili ya karamu, akageuza gari lake, akaiacha harusi na kuja kwenye mlima huu kuwa mtawa. Ba alinisimulia kisa hicho nikiwa mdogo, lakini siku ile hakukitaja. Alisema tu, akitazama chini, kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia nami alipotaka pasiwe na shaka yoyote katika neno lake: “Uliogopa nisife. Kwa hilo sikukasirikii. Lakini nadhiri ni yangu, dikra. Ungeniuliza.”

Nililia, na hakunizuia. Baadaye kidogo akanishika bega ili nimsaidie kuinuka, na alipolishika bega langu nilijua kwamba tumekwisha kupatana, ingawa jambo lenyewe lilikuwa bado halijakwisha.

Tulifika kwa Amba Mata kabla ya adhuhuri. Ba aliingia na nazi yake na kitambaa chekundu, akatoka na alama ya kunkuma, unga mwekundu, kwenye paji la uso. Kutoka hapo aliviona vilele vingine, kile cha Gorakhnath, kilicho juu kuliko vyote katika Gujarat chenye mita 1,117, na nyuma yake kile cha Dattatreya kilichochongoka kama kidole. Alikitazama kwa muda mrefu, akaunganisha viganja, akainama kukielekea, kisha akasema inatosha. Tangu Oktoba 2020 kuna vibanda vya waya vinavyowapeleka watu kutoka chini hadi kwa Amba kwa dakika chache, na kila ninapoona picha zake humwona Ba akihesabu ngazi 20, kupumua.

Kesho yake, siku ya 12, ndiyo ilikuwa siku ya kufungua. Alfajiri katika dharamshala, nyumba ya mahujaji tuliyofikia, wanawake wa vyumba vingine walikuwa wamekwisha kuoga na kupika, na harufu ya bizari na samli ilijaa ujia. Ba alifungua mfungo wa Ekadashi kwa maji, jani la mrehani mtakatifu na wali kidogo. Wali ule haukuwa na chumvi. Alinieleza, bila lawama yoyote, kwamba Wajaini huhesabu miezi yao minne hadi mwezi mpevu wa Kartik, na kwamba yeye naye mwaka huu angehesabu hivyo. Nilimwomba niwe naye. Alinitazama kama anayepima uzito wangu, akakubali.

Kwa hiyo nami nilikula bila chumvi mpaka mwezi mpevu. Viazi vilikuwa kama karatasi, dengu kama matope, na siku ya tatu nilianza kuonja utamu wa maziwa ambao sikuwahi kuujua. Tulikaa barazani tukiwatazama watu wa mzunguko wakirudi kutoka msituni, miguu imevimba, nyuso zimechoka na kung’aa. Ba alikanda mguu wake kwa mafuta ya ufuta na kuniuliza habari za masomo.

Jioni ya mwezi mpevu alikopa jiko la mafuta kwa mpishi, akapika khichdi ya wali na choroko katika sufuria moja ndogo. Alitia bizari, akatia samli, kisha akafungua karatasi ya gazeti aliyofungia chumvi na kukadiria kwa kiganja. Akakoroga. Akaniita kama alivyoniita kila siku tangu Julai: “Dikra, njoo uonje.”

Nilichota kidogo kwa kijiko, nikakipuliza, nikampa yeye. “Leo onja wewe, Ba.”

Alikitia kinywani, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda. “Haijakolea,” alisema, na mkono wake ukarudi kwenye karatasi.