Siku yangu nyuma ya pazia

Kazi yangu ni kuwatibu wanawake misuli ya nyonga, ile inayozuia mkojo, na maumivu ya baada ya kujifungua, kwa mazoezi na kwa taa ya mwanga mwekundu.

Saa 1:30 asubuhi. Natandika shuka safi, nafuta kichwa cha taa kwa dawa, nahakikisha miwani ya kinga ipo, yangu na ya mgonjwa.

Saa 2. Mama aliyejifungua wiki 6 zilizopita amekuja na mama mkwe wake. Anasema ni mgongo tu. Chafya ikamjia, akapishanisha miguu haraka na kushikilia kiti. Nikanyamaza mpaka tulipobaki wawili, ndipo nikauliza taratibu, "Mkojo unakutoka?" Machozi yakamtiririka. Ameambiwa ndiyo uzazi, avumilie. Kweli tatizo hili huwapata wengi, lakini linatibika, na hunichoma moyo mwanamke anapolificha kama kosa lake.

Nilipomaliza kumpima nikamwelekeza: kaza kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, usibane pumzi wala makalio, kisha legeza kabisa. Mara 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 angalau. Ukihisi chafya inakuja, kaza kwanza. Daktari Mmarekani Arnold Kegel aliandika juu ya mazoezi haya mwaka 1948, na mpaka leo ndiyo tunayoanza nayo.

Saa 4. Huyu anakalia tako moja: alichanika msamba, kati ya uke na njia ya haja kubwa, alipojifungua; mshono una wiki 2. Hapa ndipo nawasha taa. Ni mwanga mwekundu pamoja na mwingine usioonekana kwa macho, wenye mawimbi ya urefu wa nanomita 600 hadi 1000 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Chembe hai huufyonza, na hauunguzi kama moto. Miaka ya 1960 daktari Endre Mester wa Hungaria aliwaangazia kwa leza panya walionyolewa, akaona manyoya yao yanaota upesi. Tiba ikaanzia hapo. Wapo wanaopata nafuu ya maumivu, ingawa tafiti hazijakubaliana, nami humwambia hivyo kila mama. Taa haijengi misuli. Tumbo la mjamzito siliangazii, wala palipo na saratani.

Saa 6. Chuchu zilizopasuka. Kabla ya taa natazama mtoto anavyoshika titi, maana akishika ncha tu, kidonda kitarudi kesho.

Saa 8. Mgonjwa aliyenifikirisha zaidi leo. Amekuwa akifanya mazoezi hayo ya kukaza nyumbani miezi kadhaa, na maumivu ya tendo la ndoa yanazidi. Misuli yake haikulegea, imekakamaa. Kumwongezea kukaza ni kumwumiza. Nusu saa nzima tulivuta pumzi tu, kiganja chake juu ya tumbo, mpaka magoti yaliyokuwa yamebanana yakaanguka pembeni yenyewe. Ndiyo maana nasihi: pimwa kwanza.

Saa 11 jioni. Naandika mafaili, simu inaita. Ni yule mama wa asubuhi, anaongea kwa kunong'ona. Anauliza kama mama mkwe naye anaweza kuja. Ana tatizo hilohilo, tangu alipomzaa mwanawe, mume wa huyu anayenipigia.

Nimemwandika kesho, saa 3.