Kumbukumbu ya mradi: mwaka mzima wa okestra ndogo ya Tabora

Mradi huu ni wa kuunda okestra ndogo ya wapigaji wa kujitolea hapa Tabora mjini. Kumbukumbu hii inahusu mwaka ambao tuliamua kwamba maonyesho, mafunzo ya shuleni na huduma kwa jamii viandikwe katika kalenda moja badala ya kila jambo kuja kwa wakati wake. Okestra kubwa za ng'ambo huwa na ofisi maalumu kwa kila mojawapo ya kazi hizo. Sisi tuna daftari moja, na pengine ndiyo maana tuliona mapema kuliko wao kwamba kazi hizo tatu ni kazi moja.

Januari na Februari: tulionao na tusionao

Tulipoorodhesha wapigaji, kikundi kilikuwa na sura isiyo ya kawaida. Violini zilitosha kugawanywa katika sauti mbili, viola ilikuwa moja, chelo mbili, na besi kubwa ya nyuzi haikuwepo kabisa, ilhali tarumbeta, tromboni na tuba zilizidi mahitaji. Anayeujua mkoa huu hatashangaa. Wamoravia, waliopokea kituo cha Urambo kutoka kwa wamisionari wa London mwaka 1898, ni watu wa matarumbeta tangu kwao Ujerumani, na hadi leo kijana wa Tabora anayetaka kujifunza ala ya kupuliza hupata mwalimu kanisani kwa urahisi kuliko mahali pengine. Basi tukakubaliana kwamba sauti ya besi ipigwe na tuba, kwa sharti kwamba mpigaji wake ajizoeze kupuliza kama mtu anayezungumza ndani ya chumba chenye mtoto aliyelala.

Wengi wa wapigaji wetu wa violini walitoka katika kwaya, na wanakwaya wetu husoma solfa: herufi za d, r, m zilizopangwa juu ya maneno, na mwanzoni mwa karatasi maelezo ya Doh, yaani sauti ya msingi ya wimbo, ni ipi. Mfumo huo, ambao John Curwen aliueneza Uingereza katika karne ya 19, ulifika huku kwa njia ya misheni na shule, na umeota mizizi kiasi kwamba mwanakwaya mzuri huweza kuimba sauti yake katika wimbo mpya kwa kuutazama mara moja, huku mistari mitano ya nota ikimtia wasiwasi. Nilishauriwa tufundishe nota kwanza na ala baadaye. Sikukubali, na sijabadili msimamo. Sikio lililolelewa na solfa linajua tayari kwamba t huvutwa kuelekea d na kwamba f hutaka kushukia m. Mpigaji wa violini, ambaye shingo ya ala yake haina vyuma vya kugawa sauti kama ilivyo ya gitaa, anahitaji sikio hilo kabla ya kuhitaji macho. Tuliandika kila sehemu kwa nota, tukaweka herufi za solfa chini yake, kisha tukazipunguza herufi hizo kidogo kidogo kadiri miezi ilivyokwenda.

Machi: ubishi wa Doh

Nyuzi za violini ni G, D, A na E, na kwa sababu hiyo wapigaji wa nyuzi hupenda Doh iwe D, G au A, kwani nyuzi zisizobanwa huitikia na ala nzima hung'ara. Tarumbeta na klarineti zilizoenea ni za B flati (B iliyoshushwa nusu hatua), maana yake mpigaji akisoma C, sauti inayotoka ni B flati. Kwa hiyo muziki ambao kwa violini ni Doh D humfikia mpiga tarumbeta ukiwa Doh E yenye shapu nne (alama za kupandisha sauti nusu hatua), na kijana aliyekua na nyimbo za ibada zenye flati mbili huiona karatasi hiyo kama adhabu. Tulijaribu njia za kati. Doh ikiwa F, violini hubeba flati moja tu na tarumbeta husoma G yenye shapu moja. Doh ikiwa C, tarumbeta husoma D yenye shapu mbili. Karibu kila kitu tulichopiga mwaka huu kilikuwa F au C, na mwenye kutaka kuanzisha kikundi cha namna hii angeanza na uamuzi huo kabla ya kuchagua nyimbo.

Kwa kweli uamuzi huo ndio uliotuchagulia kipande cha kwanza. Nilitamani tupige simfoni namba 45 ya Joseph Haydn, ya mwaka 1772, ambayo mwishoni wapigaji huacha ala zao na kuondoka mmoja mmoja, kwa kuwa mtunzi alitaka kumkumbusha bwana wake, Nikolaus Esterházy, kwamba wanamuziki wana familia zinazowangoja. Lakini simfoni hiyo iko katika F shapu maina, ambayo hata kwa okestra za zama hizo ilikuwa nadra na ya tabu. Tukahamia simfoni namba 94 ya mtunzi huyohuyo, aliyoitunga mwaka 1791 na kupigwa London mwaka uliofuata, tukachukua sehemu yake ya pili tu, iliyo Doh C. Wimbo wake kwa solfa huanza d d m m s s m, f f r r t t s, herufi tatu za mwisho zikiwa za chini. Hakuna mwanakwaya wa Tabora anayehitaji zaidi ya dakika moja kuuimba. Wimbo ukisharudiwa kwa sauti ya chini zaidi, okestra yote hupiga mlio mmoja wa ghafla, na pale ambapo Haydn aliandikia timpani sisi tuliweka ngoma.

Aprili na Mei: kalenda

Mvua za Tabora huanza Novemba na kwisha Aprili au mapema Mei, na kumbi zetu zimeezekwa kwa bati. Mvua ikishuka juu ya bati, violini hazisikiki hata na anayezipiga. Kwa hiyo onyesho la ndani huwekwa kati ya Mei na Oktoba, hakuna mjadala. Kwaresima kwaya zina kazi zao. Mwezi wa Ramadhani, ambao husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka, hatuweki onyesho la jioni, kwa maana mji huu una Waislamu wengi na baadhi yao ni wapigaji wetu. Kwa familia za Urambo na Kaliua zinazolima tumbaku, pesa huonekana masoko yakifunguliwa, si wakati wa kukausha majani. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba na kidato cha nne Novemba. Ukiondoa hayo yote, mwaka unabaki na nafasi chache, nasi tukazijaza kwa penseli.

Juni hadi Agosti: shuleni

Ziara za shule ndizo zilizokula nguvu zetu nyingi, na ndizo ningezitetea mbele ya yeyote anayesema kwamba kikundi kijifunze kwanza kupiga vizuri ndipo kiende kwa watoto. Hatukupeleka okestra yote. Tulikwenda na violini mbili, chelo, klarineti, tarumbeta na ngoma, tukapiga kwa muda usiozidi kipindi kimoja cha darasa, chini ya mwembe pale ambapo darasa halikututosha, na Tabora haina uhaba wa miembe.

Klarineti ilipata wapenzi kuliko tulivyotarajia, kwa sababu bomba lake ni la mpingo, mti ambao watoto wanaujua kwa vinyago vya Wamakonde, na ambao husafirishwa kutoka Kusini mwa nchi hii hadi Ulaya ili kutengenezewa klarineti na oboe. Mtoto akiambiwa kwamba ala aliyoidhania ya kigeni huenda mti wake uliota Kilwa, huishika kwa namna nyingine. Violini tuliiweka kando ya zeze, nayo huchezwa kwa upinde vilevile, na mwalimu mmoja aliyekuwa na zeze nyumbani akaleta ya kwake. Kisha tukapiga Haydn bila kuwaonya chochote. Ule mlio wa ghafla ulifanya kazi yake kila mara: safu za mbele ziliruka, safu za nyuma zikacheka, na wote wakadai urudiwe, ingawa sasa walijua kinachokuja.

Kila shule tuliiachia karatasi moja ya wimbo ule kwa solfa, yenye sauti mbili, na ombi kwamba kwaya ya shule iufanyie mazoezi. Hapo ndipo ilipo siri ya ukumbi kujaa. Mtoto anayeimba jukwaani huja na mama, shangazi na wadogo zake, nao hawaji kwa sababu wamesoma tangazo. Wachache miongoni mwa watoto hao waliomba kujifunza violini, nasi tukawaketisha pamoja tangu somo la kwanza badala ya kumfundisha kila mmoja peke yake. Tulifuata njia ambayo José Antonio Abreu aliianzisha Venezuela mwaka 1975, ya kumfanya mtoto apige akiwa ndani ya kundi tangu mwanzo. Upungufu wa ala ulitulazimisha hivyo hata kama tusingeipenda.

Agosti tulipanda treni kwenda Kigoma, kwa reli ileile iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tuba haikuwa msafiri mwema. Huko Ujiji tulikuta watu waliokwisha kusikia habari za okestra ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, rubani wa zamani na mjukuu wa Simon Kimbangu, mhubiri maarufu wa Kongo. Waliuliza maswali magumu kuliko tuliyozoea, hasa kuhusu nani hutengeneza ala zikivunjika. Jibu ni fundi seremala, kwa gundi ya ngozi, isiyopendwa na wengi kwa kuwa lazima ipashwe moto, lakini ambayo hukubali kufunguliwa tena bila kuumiza ubao.

Huduma kwa jamii iliyotupa nyimbo

Katika wodi ya watoto tulipiga violini na chelo pekee, kwa muda mfupi. Kwa wazee ilikuwa vingine: walisikiliza Haydn kwa adabu, kisha wakauliza kama tunaujua muziki wa dansi wa hapahapa, wa Tabora Jazz, wa Nyanyembe Jazz na wa Kiko Kids. Ilikuwa haki yao kuuliza. Mji uliokuwa na bendi hizo hauwezi kuwa na okestra isiyozijua.

Kupanga dansi kwa okestra kulinifundisha zaidi ya kitu kingine chochote mwaka huu. Gitaa la solo nililigawia violini za kwanza, zikidonolewa kwa vidole badala ya upinde ili kila sauti ikatike kama ya gitaa. Rithimu ikachukuliwa na violini za pili pamoja na viola, ambayo kwa mara ya kwanza ilipata kazi ya maana. Gitaa la besi likawa tuba. Matarumbeta yalibaki yalivyokuwa, na wapigaji wake walijisikia nyumbani. Tatizo lilikuwa upinde: nyuzi hupenda kurefusha sauti, na dansi inahitaji nafasi tupu kati ya mlio na mlio. Mpangilio huo haujapigwa hadharani, kwa sababu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi hata wimbo wake unapopewa mpangilio mpya, na ruhusa bado tunaifuatilia.

Septemba na Oktoba: joto na onyesho kuu

Huu ndio wakati wa joto kali Tabora. Hewa ikipata joto, sauti husafiri kwa kasi zaidi ndani ya bomba, na ala za kupuliza hupanda. Nyuzi nazo hutanuka, hulegea na kushuka. Kwa hiyo okestra iliyolingana katika A ya mitetemo 440 kwa sekunde saa kumi jioni inaweza kuwa imeachana kabla ya wimbo wa tatu. Tulisogeza onyesho hadi usiku, tukalinganisha ala kwa klarineti kwa kuwa oboe hatuna, tena katikati ya programu na siyo mwanzoni tu. Ukavu ulifanya vigingi vya violini viteleze. Chaki kidogo ilisaidia, na kitambaa chenye unyevu ndani ya sanduku kiliokoa mbao zisiachane.

Kwaya za shule ziliimba wimbo wa Haydn pamoja nasi, na kikundi cha ngoma za Kinyamwezi kilifungua na kufunga. Ngoma tuliziweka nyuma kabisa, karibu na mlango ulio wazi, na bado zilimeza violini. Mwakani zitapiga peke yake na okestra itapokea zikinyamaza.

Novemba na Desemba: kinachofuata

Mvua imeanza, na mazoezi yamehamia vyumba vidogo kwa makundi. Violini zinasoma bila herufi za solfa isipokuwa kwenye vipande vipya. Seti mbili za nyuzi za chelo zimeagizwa Dar es Salaam, pamoja na singa za upinde. Mpiga viola anatafuta mwenzake, kwani programu ya Juni ina sauti mbili za viola, na mimi nina sehemu za tromboni za kunakili upya kabla ya Januari, kwa kuwa wimbo wa kufungulia tumeushusha kutoka Doh G hadi F.